Nimeikariri Chati ya Daktari wa Macho, Lakini Yengi Sikumwona

Mpendwa Mama Pasca,

Ninaomba msaada wako kabla ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi binti yangu Keji atanipeleka Arua kwa daktari wa macho, na ingawa kwa umri wewe ni binti yangu, kwa kazi yako ya redio umekuwa mama yetu sote, kwa hiyo nijibu kama mama na usinionee haya. Kwanza nisamehe kwa unene wa bahasha. Naandika kwa ile kalamu nene ya kuandikia majina kwenye magunia, herufi moja ukubwa wa yai, na ukurasa mzima unabeba mistari michache tu. Pia nakuomba jibu lako ulisome redioni Jumanne jioni wakati Keji yuko kwenye mazoezi ya kwaya, wala usilipeleke gazetini, maana gazeti siku hizi kwangu ni kitambaa cha kijivu.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita. Nilizaliwa upande wa Yei, ng'ambo ya mpaka, nikakimbilia Koboko mara mbili katika maisha yangu, mara ya kwanza nikiwa kijana na mara ya pili nikiwa na mvi, na katikati niliishi miaka mingi Nakuru nikifanya kazi katika kiwanda cha kupiga chapa, kazi yangu ikiwa kuzisoma kurasa kabla hazijachapwa na kukamata makosa, na hata nukta iliyokaa mahali pa mkato haikupona mbele yangu. Kila nilipokimbia niliacha nyumba, safari ya pili niliacha hata ng'ombe, lakini vitabu nilivibeba katika sanduku langu la bati, na popote nilipolifungua niliona nimefika kwetu. Sasa, mama, vitabu viko palepale chini ya kitanda, havijaenda popote, ila macho yangu ndiyo yamekimbia bila kuniaga.

Hapa Koboko nimepewa kazi ya kusoma historia ya marehemu. Desturi unaijua: mtu hashushwi kaburini mpaka mwenzake asimame mbele ya watu asome alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, aliugua nini na ameacha watoto wangapi, familia huandika, mimi husoma, na kwa kuwa sauti bado ninayo na najua mahali pa kupumzika, huitwa mpaka kijiji cha Midia, na nikiingia msibani watu husogeza viti. Mama, mimi hapa sina shamba la baba wala kaburi la babu. Kile kiti wanachonisogezea ndiyo ardhi yangu. Anayekitaka ni Nasur, kijana wa miaka hamsini, ambaye husomea kwenye simu, na katika msiba mmoja alikuwa anasoma vizuri tu mpaka simu ikapokea ujumbe, naye akausoma pamoja na mengine, akawatangazia waombolezaji kwamba bando lao litakwisha usiku wa leo, na wazee wawili wakaitikia amina.

Ugonjwa ulianza na mlango. Fundi Lino alinitengenezea mlango mpya, na nilipoutazama nikaona fremu imetoa kitambi katikati, nikamwita nikamwambia hii si kazi ya mtu mzima. Lino akaleta pimamaji, kile kifaa cha mafundi cha kupimia kama kitu kimenyooka, akaiweka, akasema mlango umenyooka. Nikamwambia pimamaji yake ni mbovu. Akaenda akaazima nyingine, nayo ikasema mlango umenyooka, nikamwambia zote mbili zimenunuliwa duka moja. Akaondoka akiwaambia watu kwamba mzee yule ni mwenye akili nyingi ila asiulizwe habari za milango. Baadaye milango ya majirani nayo ikaanza kupinda, zikafuata nondo za madirisha ya kanisa, kisha mistari ya kitabu, na katikati ya ukurasa likaja doa kama moshi uliokwama kwenye kioo cha taa, ambalo popote ninapotazama hutangulia kufika. Kwa pembeni naona. Kuku akipita ukingoni mwa ua namjua mpaka rangi. Lakini mtu akisimama mbele yangu ana kofia, ana masikio, uso hana. Basi nimejifunza kusalimia kwa kirefu, naushika mkono wa mtu nauliza habari za nyumbani, za mihogo na za mvua, mpaka sauti yake imtaje, na watu wanasema uzee umenipa upole.

Historia za marehemu nazo nilikuwa nimezitafutia njia. Siku moja kabla ya maziko huwaambia wafiwa wanisomee walichoandika, eti nipate kukiombea, nami nakikariri chote, na kesho yake nanyanyua karatasi na kusema kutoka kichwani. Keji hajui, hakuna anayejua, na mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofariki Mzee Soka wa Midia. Familia yake ilichelewa kuandika, karatasi nikapewa katekista akiwa tayari anasafisha koo, na mimi Soka nilimjua kwa salamu tu, mtu mkimya aliyelima mihogo na tumbaku. Nikanyanyua karatasi nikaona moshi. Nikasema amezaliwa Midia, hilo halikuwa na ubishi, kisha nikanyamaza, na katika ule ukimya nikasikia viatu vya Nasur vikisogea nyuma yangu.

Mama Pasca, nikaazima maisha ya mtu mwingine. Yuko fundi cherehani mmoja anaitwa Yengi, tulikimbia pamoja kutoka Yei, na nilikuwa nimesikia kwamba anaishi mbali huko Omugo. Nikasema marehemu, vita vilipofika, aliacha sufuria, akaacha godoro, akajitwika cherehani kichwani, na kwenye kizuizi askari walipouliza hilo ni bomu la namna gani, yeye aliitua, akaketi chini, akamshonea mkubwa wao suruali iliyopasuka makalioni, na kwa suruali ile watu wote waliokuwa nyuma yake wakaruhusiwa kupita. Watu walilia, mama. Wanawake walipiga vigelegele msibani. Hata katekista aliomba nirudie pale pa suruali.

Tulipomaliza kuzika watu wakaja kunipa mkono, na mmoja kutoka safu ya mbele akanipa mkono wenye kidole kigumu kama kwato, nikaanza habari za nyumbani, za mihogo, za mvua, naye akaniacha niulize mpaka nikamaliza. Ndipo akasema polepole, "Mzee, umenizika vizuri kabisa. Sasa siku mimi nakufa, utasoma ya nani?"

Alikuwa Yengi. Alikuwa ameketi mbele yangu muda wote, nami nilikuwa nimemkazia macho yeye hasa, na ndiyo maana sikumwona.

Mambo hayakuishia hapo. Mjane wa Soka alinijia kwa heshima akasema, "Baba, mume wangu hakuniambia hata siku moja. Hiyo cherehani iko wapi?" Tangu hapo wanawe wanagombana, mkubwa anamshuku mdogo kwamba ameiuza huko sokoni Ariwara, mdogo anasema kaka yake ameificha kwa wakwe, wamekwisha kufanya vikao vya ukoo, na sasa wameniomba mimi niende kuwa shahidi, kwa kuwa nilisoma.

Naye Keji aliniona nikimimina chai pembeni ya kikombe, akafuta meza na kwenda kupanga siku na daktari. Ananiambia twende tu, pengine ni miwani. Mimi najua si miwani. Na daktari akisema mzee huyu haoni, habari itafika Koboko kabla ya gari letu, na kiti kitakuwa cha Nasur. Basi nikamwendea jirani yangu Wahabu, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye alikuwa anapimwa macho kila anapotafuta leseni mpya. Akaniambia, "Mzee, hii mtihani iko rahisi. Mimi napita na kichwa, si na macho." Akaichora chati kwa mkaa nyuma ya kalenda, akaitundika ukutani kwake, na kila alasiri nafika, navuta kiko changu kidogo ili nitulie, najifunika jicho kwa kijiko na Wahabu ananiuliza. Juu kabisa ni E. Chini yake F, P. Mstari wa tatu T, O, Z. Nimefika mstari wa sita bila kosa, na Wahabu anasema wanafunzi kama mimi hawazaliwi tena. Kuhusu vidole ana fundisho lake, "Daktari nanyanyua vidole, wewe sema mbili. Hakuna mutu nanyanyua tatu." Pia ananilisha karoti.

Swali langu ni hili, mama. Nikifaulu kwa njia hii nitakuwa nimemkosea nani? Na nikianguka, nikirudi Koboko nitakuwa nani?

Ni mimi mtu wako,
Mkimbizi wa Macho,
Koboko

MAMA PASCA ANAJIBU

Mzee wangu, pokea heshima zangu zote sasa hivi, kwa sababu nikiendelea zitapungua. Nanyi wasikilizaji, majina nimeyabadilisha na vijiji nimevihamisha, kwa hiyo anayedhani amejitambua akae kimya, asije akajitangaza mwenyewe.

Barua yako niliisoma mara mbili. Pale pa kiti na ardhi niliiweka chini kwanza. Mtu aliyehamishwa mara mbili ana haki ya kuogopa kuhamishwa mara ya tatu, na mimi sitakucheka kwa hilo. Pole, baba.

Kwa mengine nitakucheka, na nitaanza na kalenda ya Wahabu. Umekaa miaka yote ile Nakuru ukikamata makosa kwenye kurasa za watu. Je, angekuja mwandishi na ukurasa wake, akaweka kiganja juu ya mistari yenye makosa na kukuambia soma hapa tu, hapa pazuri, ungemfanya nini? Ungemfukuza. Sasa wewe ndiwe unayetaka kumpelekea daktari ukurasa uliofunikwa kwa kiganja. Mtihani huo hauna cheti, mzee wangu. Ukifaulu kwa kichwa, daktari atakupongeza, atakupa mkono na kukurudisha nyumbani na doa lako, na la kusikitisha ni kwamba hutaiona sura ya mtu aliyekupongeza.

Mimi si daktari, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimpigia muuguzi wa macho hapa Arua nikamsomea habari zako bila jina. Kwenye kijiko alicheka. Kwenye suruali aliomba nirudie, kama katekista wako. Lakini nilipofika kwenye mlango wa Lino aliacha kucheka akauliza mlango umeanza kupinda lini. Kwa hiyo sikiliza hapa kuliko pengine pote. Mstari ulionyooka ukipinda na uso wa mtu ukapotea katikati, inawezekana pazia lililo nyuma ya jicho ndilo limechoka. Ugonjwa huo wa uzeeni una namna yake ya polepole na namna yake ya haraka, na hakuna wa kuzitofautisha ila aliyelichungulia jicho kwa ndani. Ile ya haraka ina matibabu, lakini haipendi kusubiri. Kilichokwisha kuondoka mara nyingi hakirudi, sitakudanganya. Kilichobaki kinaweza kulindwa. Kwa hiyo kesho asubuhi Keji apige simu kliniki, asiseme baba anataka miwani, aseme baba anaona milango inapinda, na aombe mpokelewe mapema zaidi ya Alhamisi. Wakikataa, mfike Alhamisi hiyo kabla ya watu wote.

Unasema Keji hajui. Binti aliyemwona baba yake akimwaga chai mezani, akafuta na kwenda kutafuta daktari, unadhani hajui nini? Anajua kuliko Wahabu. Mwambie leo akirudi kutoka kwaya, kama hajasimama hapo mlangoni akisikiliza pamoja nawe.

Maandalizi yako ya kweli ni haya. Simama mbele ya mlango wa Lino, ufunike jicho moja kwa kiganja, si kwa kijiko, maana kijiko kinachungulia. Tazama fremu. Kisha badilisha jicho. Umwambie Keji ni jicho lipi linalopinda zaidi, na kama kupinda huko kumeongezeka hivi karibuni, naye akushikie habari hiyo mpaka kwa daktari. Miwani yako yote beba, hata kama ipo uliyonunua sokoni kwa kujaribujaribu. Dawa unazomeza, kama zipo, za presha, za sukari na hata za mizizi ulizoletewa na mtu, zitie zote mfukoni, daktari aziangalie. Na kile kiko ulichokitaja kwa kupita, kana kwamba sitakiona! Tumbaku ni adui wa jicho la namna hiyo, ndivyo alivyoniambia muuguzi, kwa hiyo mwambie daktari unavuta tangu lini, na kwako kiko kizimwe kabla Keji hajapiga simu. Karoti si mbaya, lakini si karoti itakayounyoosha mlango wa Lino.

Kliniki watakutia matone ya kuitanua mboni ili waone ndani. Baada ya matone hayo utaona ukungu kwa saa kadhaa na jua la Arua litakuchoma macho kama pilipili, kwa hiyo vaa kofia pana, usipande boda peke yako, na siku hiyo usikubali kusoma historia ya mtu yeyote, hata akifa kwenye foleni. Kabla ya kuondoka uliza ugonjwa unaitwaje, kila jicho limefikia wapi, kuna matibabu gani, urudi lini, na kama kuna kioo cha kukuzia kitakachokusaidia kutumia ule ukingo unaoona kuku. Keji awe ndani ya chumba nawe. Masikio manne ni bora kuliko mawili yaliyoingiwa na hofu.

Ah, na chati. Muuguzi ameniambia iliyotundikwa kwenye chumba chao haina F wala P. Ina herufi E peke yake, nyingine imeangalia juu, nyingine chini, nyingine kushoto, na mtu huonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi. Alasiri zako zote kwa Wahabu zimekwenda na maji. Naye Wahabu namshukuru Mungu kwamba amestaafu.

Sasa madeni yako, ya mlangoni na ya msibani. Kwa Lino uende wewe mwenyewe, ukamwombe radhi yeye na pimamaji zake zote mbili. Kwa mjane wa Soka usiende peke yako na usisubiri kikao kingine cha ukoo, maana ndugu wakishapelekana kwa mwenyekiti wa kijiji kwa ajili ya cherehani ambayo haikuwapo, utaisoma historia nyingine hivi karibuni. Nenda na Yengi, naye abebe cherehani yake ili wote waione na waiguse. Sema wazi: macho yangu hayaoni karatasi, nikaona aibu kusema, nikamvika marehemu wenu maisha ya mtu huyu. Watakasirika. Vumilia, ni haki yao. Kisha kaa chini umwombe yule mama akusimulie Soka alikuwa nani. Mtu aliyebaki Midia wakati wengine wanakimbia, akalima na kunyamaza, naye alikuwa na maisha, wewe ukampa cherehani ukamnyima ya kwake. Siku watakapokusanyika kumaliza msiba, waombe ruhusa usimame na kuyasema bila kushika karatasi yoyote.

Maana kiti, baba, hukupewa kwa sababu ya macho. Siku ile Midia hukusoma hata neno moja, na katekista aliomba urudie. Historia ya Yengi ulikuwa nayo yote, hata makalio ya suruali. Kasoro yake ilikuwa moja tu, mwenyewe alikuwa bado anapumua kwenye kiti cha mbele. Endelea na kazi yako, lakini kuanzia sasa waambie wafiwa mapema kwamba husomi, unasikiliza kisha unasimulia. Na Nasur akae karibu yako na karatasi, akunong'oneze majina ya watoto ukisahau, mradi simu yake imezimwa.

Yengi alikuuliza swali nawe hukumjibu. Ukifika kwake mjibu. Mwambie, yako naijua, nami nitasema yako.

Umeniuliza ukianguka utakuwa nani. Utakuwa mzee wa Koboko ambaye daktari anajua la kumfanyia, na hiyo ni zaidi ya ulivyo leo. Kwa hiyo akikuonyesha herufi usiyoiona, usimpe T, O, Z za Wahabu. Akinyanyua vidole, usiseme mbili. Mtazame pale uso wake unapopaswa kuwa, umwambie, "Siioni." Lifanyie mazoezi neno hilo mbele ya Keji, usiku huu.

Nenda ukaanguke, baba. Keji atakushika mkono.